Kulala Kisiwani Mwambao wa Tanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mgeni anayetaka kulala kwenye nyumba ya wageni isiyo na umeme wa TANESCO wala maji ya bomba, kwenye kisiwa chenye magofu ya kale, akianzia safari yake Tanga mjini. Mengi yanahusu maji. Ya bahari ndiyo yanayoamua saa ya kusafiri, na yaliyomo kwenye tangi ndiyo yanayoamua watu wangapi wapokewe.

Boti inaondoka saa ngapi?

Haina saa moja ya kila siku. Mwambao huu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, yaani za maji makuu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Visiwa vingi vimezungukwa na mwamba, mchanga na tope la mikoko. Maji yakishapwa, boti hukwama mbali, na mgeni humaliza safari kwa miguu, tope likimfika magotini na begi likiwa kichwani.

Ili ukisie mwenyewe, tazama tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Kuanzia tarehe 1 hadi 3 hivi, na tena 15 hadi 17, ni bamvua: maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kisha hupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kwenye tarehe 8 na 22 ni maji mafu, na saa hizo hugeuka: hujaa karibu saa 4, hupwa karibu saa 10, tena kwa tofauti ndogo kiasi kwamba boti ndogo hupata pa kutia nanga karibu wakati wowote. Katikati ya vipindi hivyo, saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku.

Kwa hiyo anayefika siku ya bamvua na kutaka kuondoka saa 4 asubuhi, kwa kuwa ndiyo kwanza amemaliza chai, anajitakia tope. Saa uliyotajiwa wiki mbili kabla ni makadirio. Ratiba ya kweli ni ile anayokutumia nahodha jana yake, baada ya kutazama maji na upepo.

Nitoke Dar es Salaam na kuvuka siku hiyo hiyo?

Usifanye hivyo. Ni kilomita 350 hivi, saa 5 hadi 6 kwa basi siku ikiwa njema, na maji hayamngoji mtu aliyekwama Chalinze. Lala Tanga mjini usiku mmoja, nunua mahitaji, uvuke kesho yake.

Miezi gani bahari inafaa?

Oktoba na Novemba, kusi (upepo wa kutoka kusini) ikiwa imekwisha na kaskazi (wa kutoka kaskazini) haijashika, upepo huwa mwanana, ingawa mvua za vuli hukatiza mara moja moja. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ina joto kali lakini asubuhi bahari hutulia na maji huwa maangavu. Masika, yaani katikati ya Machi hadi Mei, hayamfai anayetaka kuona matumbawe: Pangani, Zigi na Umba humwaga tope baharini na maji hugeuka rangi. Kusi huwa kali Juni hadi Agosti. Usiku ni wa raha, shuka moja halitoshi, lakini mchana mawimbi hulowesha kila kitu ndani ya boti. Msimu wowote, vuka asubuhi ikiwa maji yanaruhusu, maana upepo huongezeka jua likishapanda.

Boti salama nitaijuaje?

Uliza leseni ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kisha hesabu majaketi ya kuokolea na watu. Yakipungua hata moja, usipande. Tazama pia ukingo: boti iliyopakiwa ikibakiza chini ya shubiri mbili juu ya maji imezidishwa mzigo, hata kama gatini pako shwari. Mashine nyingi huzimika njiani kwa maji yaliyoingia kwenye petroli au plagi chafu. Nahodha mzoefu hubeba plagi ya akiba, spana yake, kitambaa cha kuchujia mafuta, na kasia au tanga. Simu na chaja zako zifunge ndani ya chombo kisichopitisha maji kabla hujaingia. Ukisubiri wimbi la kwanza umechelewa.

Visiwa vyote vina pa kulala?

La. Toten, kilicho ndani ya ghuba mbele ya mji, ni cha kwenda na kurudi. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani la wafu, na ndani ya kichaka mna mabaki ya misikiti na makaburi. Maziwe, upande wa Pangani, hakulaliki kabisa. Zamani kilikuwa na mivinje na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Miti ikaisha, mchanga ukahama, na leo bamvua hukifunika chote. Anayekuahidi kulala Maziwe anakuuzia bahari.

"Rafiki wa mazingira" maana yake nini hasa?

Paa la makuti na taa za vibuyu havitoshi. Kabla ya kulipa uliza mambo manne: kinyesi kinakwenda wapi, maji yanatoka wapi, taka zinaishia wapi, na wafanyakazi wanatoka kijiji gani. Mwenye nyumba anayejua kazi yake atakujibu kwa lita, kwa miezi na kwa majina ya mahali. Akianza kukusifia machweo, uliza tena la choo.

Maji matamu yanatoka wapi, na kwa nini vyumba ni vichache?

Maswali haya mawili yana jibu moja. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Tanga hupata mvua ya milimita 1,300 hivi kwa mwaka. Chukua nyumba yenye bati la mita za mraba 80: ni lita 104,000. Toa humo moja ya tano inayomwagika, kukauka au kutupwa, zibaki kama 83,000. Zigawe kwa siku 365, unapata lita 227 kwa siku. Mtu mmoja akitumia lita 40 kwa kunywa, kupikiwa, kuoga na kufuliwa, maji hayo yanatosha watu watano na kidogo, na mpishi na mlinzi wamo kwenye hesabu. Ndiyo maana nyumba yenye vyumba kumi na bati dogo ama inaleta maji kwa boti, ama inachota kisima kupita kiasi.

Tangi nalo lazima livushe kiangazi. Siku 90 bila mvua ya maana zinadai zaidi ya lita 20,000, yaani simtanki mbili za lita 10,000 hazitoshi sawasawa. Mvua ya kwanza baada ya ukavu haiingizwi tangini. Kwa bati hilo la mfano, lita 80 hadi 160 za mwanzo humwagwa, maana zimebeba kinyesi cha ndege, majani na vumbi la chumvi. Makuti hayavuni maji ya kunywa: yanatoka na rangi ya chai na uchafu wa wadudu. Ukiona nyumba ina makuti juu ya vyumba na bati juu ya jiko, bati hilo ndilo kisima chao.

Kisima cha kuchimba kipo kwenye visiwa vingi, lakini maji matamu chini ya kisiwa ni kama mafuta juu ya mchuzi: yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa pampu haraka kuliko mvua inavyoyarudisha, chumvi hupanda kutoka chini, na kisima kikishaingia chumvi kukipumzisha ni kazi ya misimu. Kwa sababu hiyo maji ya kisima hutumika kufulia na kuoshea, na huchotwa kidogo kidogo kwa ndoo.

Ya kunywa huchemshwa mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, au hupitishwa kwenye chujio. Njoo na chupa yako ya kujaza.

Nitaoga vipi?

Ndoo ya lita 20 na kata. Anza baharini: ondoa mchanga na jasho huko, kisha tumia maji matamu kusuuza chumvi, na ndoo itabaki nusu. Bomba la mvua la kawaida linamwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo dakika 5 zinamaliza mgao wa siku wa mtu mzima. Sabuni ya mche haina shida. Usimwage dawa za kuondoa madoa wala klorini, maana maji machafu hupita kwenye kokoto na mchanga kisha kwenye migomba, na migomba ndiyo itakayokusemea: majani huungua kingo.

Choo cha mboji ni kipi, na kinanuka?

Kikitumiwa sawasawa hakinuki kuliko choo cha kuvuta. Kina mashimo mawili yaliyojengwa juu ya ardhi, na tundu linalotenga mkojo na kinyesi. Ukimaliza, mwaga kopo moja, kama nusu lita, la majivu, pumba za mbao au chenga kavu za makumbi ya nazi, kisha funika. Bomba jeusi la hewa huchomwa na jua, hewa ya ndani ikapanda na kuivuta harufu juu. Mdomoni mwa bomba kuna wavu, nzi anayefuata mwanga akwame hapo.

Kuchamba? Swali hili wageni wetu wa Kiswahili huliuliza kwa aibu, na ndilo la maana kuliko yote. Maji hayaingii kwenye shimo. Pembeni mwa tundu pana mahali pa kuchambia penye mfereji wake unaokwenda kwenye kokoto. Sogea hatua moja, chamba, rudi. Mtu asiyeelezwa hili hutia lita mbili shimoni kila anapoingia, na baada ya siku tatu nyumba nzima inajua: shimo likilowa, hewa haipiti, uozo hubadilika, harufu na nzi hufuata. Dawa yake ni kuongeza vikavu maradufu kwa wiki nzima na kukagua mfereji kama haukuziba.

Shimo likijaa hufungwa miezi 12 na la pili hufunguliwa. Kinachotoka baada ya mwaka ni udongo mweusi, unaopewa minazi na miti ya matunda, si mchicha. Pedi, nepi na dawa za kuulia vijidudu havitupwi humo. Klorini inaua wadudu wale wale wanaofanya kazi.

Sababu ya kutochimba shimo la kawaida ni mwamba wa kisiwa. Ni matumbawe ya kale, umejaa vitundu. Maji ya choo yanayotiwa ardhini leo hayakai mbali na kisima, na yakifika baharini hurutubisha mwani unaofunika matumbawe hai.

Umeme unatosha nini?

Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya risasi na asidi, tumia nusu tu, la sivyo itakufa mapema. Kuchaji simu kunahitaji wati-saa 15 hivi, kompyuta mpakato 50 hadi 60. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa inakula 500, sawa na simu zaidi ya 30. Birika la umeme na mashine ya kukaushia nywele hufika wati 2,000, na inveta ndogo huzima hapo hapo, pengine na jiko likiwa gizani. Chaji mchana, saa 5 hadi saa 9, jua linapotoa zaidi ya betri inavyomeza. Kukiwa na mawingu siku mbili mfululizo, friji ya samaki hutangulia, simu zifuate.

Kuna mbu?

Wapo, na malaria ipo mwambao mzima. Chomeka chandarua chini ya godoro pande zote kabla ya magharibi. Muone daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari ikiwa unatoka mahali pasipo na malaria, au ukiwa mjamzito. Kagua matangi: kila tundu liwe na wavu laini. Tangi lisilo na wavu ni shamba la mbu.

Tutakula nini?

Kinacholetwa na bahari siku hiyo, na bahari nayo ina kalenda. Pweza huokotwa kwenye mwamba maji yakipwa sana, kwa hiyo ni mboga ya siku za bamvua. Kumtaka mbichi siku za maji mafu ni kumtuma mtu mjini. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbaamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Katikati ya hapo kuna changu, tasi, wali wa nazi, mihogo, maandazi na chai ya mchaichai. Machungwa ya Muheza nunua sokoni Tanga, kwani hayaharibiki haraka na wenyeji watakushukuru. Kamba kochi mwenye mayai chini ya tumbo arudishwe majini, na nyama ya kasa usiiulize: ni marufuku kisheria.

Naruhusiwa kuingia kwenye magofu?

Ndiyo, ukiwa na mwenyeji. Usiketi juu ya makaburi wala usipande ukuta. Chokaa cha kale kilichokwisha nguvu hubomoka kwa uzito wa mtu mmoja. Vigae vya vyungu na sahani unavyoviona chini viache ulivyovikuta, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda, na kigae kilichohamishwa hakimwambii tena mtafiti kitu. Hasara yake inaonekana Tongoni, kilomita 17 hivi kusini mwa mji, ambako makaburi zaidi ya 40 yamezunguka gofu la msikiti. Kwenye nguzo zake zilipachikwa bakuli za kaure, na leo yamebaki matundu matupu. Pita hapo kabla au baada ya kisiwa. Nje kidogo ya pwani hiyo ndipo meli ya Wareno, São Rafael, ya msafara wa Vasco da Gama, ilipopanda mwamba mwaka 1498, na ikachomwa moto na wenyewe Januari 1499.

Ukikuta bendera nyekundu au nyeupe, chetezo au chupa ya marashi kaburini, watu bado wanazuru. Usiguse, na usipige picha bila kuuliza.

Kwa nini ukuta wa nyumba unapukutika? Si wapige saruji?

Saruji ndiyo itakayouangusha. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu wa chumvi na kuupumua kupitia chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta na kuisukuma itoke kwa mabamba, na jiwe huondoka nayo. Chokaa hupukutika kidogo kidogo na hupakwa upya. Ni kama nguo: ifuliwe, siyo ishonewe mwilini.

Mavazi na ibada?

Ufukweni mbele ya nyumba vaa utakavyo kwa kiasi. Ukipita kijijini funika mabega na magoti. Khanga moja inatosha. Wazee waamkie, kwenye nyumba piga hodi usubiri karibu. Ramadhani chakula cha mchana kipo kwa wasiofunga, ila kisiliwe njiani. Kuhusu pombe, uliza kabla ya kubeba.

Baharini nijihadhari na nini?

Vaa viatu vyenye soli ngumu. Kuna viumbe weusi wa duara wenye miba mirefu kwenye mwamba, na kuna samaki mwenye sumu anayefanana kabisa na jiwe. Kwenye mchanga buruza miguu, samaki bapa aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, atakusikia na kuondoka. Ukichomwa na taa au huyo samaki, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Joto ndilo linalopunguza maumivu ya sumu. Mwenzako apime maji kwa mkono wake kwanza, maana mguu uliochomwa hausemi kweli. Ukiguswa na yavuyavu, suuza kwa maji ya bahari, si maji matamu. Usisimame juu ya matumbawe, na badala ya kujipaka losheni ya jua vaa fulana ya mikono mirefu.

Nikiumwa usiku?

Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo, Tanga mjini. Kati yako nayo kuna bahari, na usiku wa maji kupwa boti inaweza kukawia saa kadhaa. Mwenye pumu, kisukari, shinikizo la damu au ujauzito uliokaribia aseme wakati wa kuweka nafasi, abebe dawa za siku mbili za ziada, na achague siku za maji mafu.

Kuna ada zaidi ya chumba?

Huenda. Toten, Yambe na Karange vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (jina la samaki wa kale), iliyoanzishwa 2009, na Maziwe ni eneo tengefu. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Dai risiti. Kisiwani hakuna mashine ya kutolea pesa, na mtandao wa simu huja na kuondoka, basi pesa taslimu za noti ndogo ziwe mfukoni kabla ya kuvuka.

Na bei, mbona inazidi gesti ya mjini?

Mashine ya boti ya nguvu za farasi 15 ikikimbizwa hula lita 6 hadi 8 za petroli kwa saa. Gesi, unga, mchele, saruji, godoro na mgeni mwenyewe vyote vinapita hapo.

Taka zangu?

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo iache nyumbani. Maganda na mabaki ya chakula ni ya mboji na kuku. Betri, nepi, pedi, vikopo na chupa vinarudi Tanga na wewe, ndani ya kiroba utakachopewa siku ya kufika.

Naweza kurudi na kauri au kipande cha tumbawe?

Hapana. Hata kauri tupu ina mpangaji anayeisubiri, kaa asiye na gamba lake mwenyewe.